Mkangazi wa Mgeni Rasmi

Mama mkwe wangu alikuja Tabora kutoka Ziba kutibiwa macho. Daktari alipotuambia turudi kesho yake, nikaona nimpeleke akatembee kwenye bustani ya miti iliyo nje kidogo ya mji. Ni makazi ya kale ya tajiri mmoja wa enzi za misafara: nyumba ya udongo yenye kuta nene, ua mpana, na miti ambayo mingine ilikuwepo kabla ya tajiri mwenyewe. Siku hizi kila mwananchi anaruhusiwa kuingia, mradi asikae kwenye majani, asiegemee mti, asiokote tunda wala asile chochote.

Mwongozaji wetu alitueleza kwa kirefu kuhusu kitanda cha tajiri, birika lake la kahawa na punda wake wa kupanda.

"Na waliobeba mizigo?" mama mkwe akauliza.

"Wapagazi? Hao walikuwa wanalala pale nje." Akatuonyesha kwa kidevu mkwaju mkubwa uliokuwa umeinama kwa uzee.

"Babu yangu alikuwa mmoja wao."

"Ahaa," akasema, akarudi kwenye kitanda.

Kisha akatupeleka kwenye miti iliyopandwa na viongozi. Kila mkubwa aliyewahi kupita Tabora ana kibao chake pale. Vibao vinapakwa rangi kila mwaka, ila miti haimwagiliwi. Kimoja kilikuwa kinalinda kijiti kikavu, kingine kinalinda shimo. Mti uliostawi ulikuwa mkangazi mmoja tu, uliopandwa na mkubwa fulani aliyestaafu zamani. Nikamsomea mama mkwe jina lake kwa sauti.

Mara yakaingia magari. Kumbe siku hiyo kulikuwa na mgeni rasmi wa kupanda mti. Tukasukumwa kwenye viti vya plastiki tuwe wananchi, maana wananchi wenyewe hawakuwa wametosha. Wafanyakazi wawili wakaukimbilia ule mkangazi na bisibisi, wakang'oa kibao, wakafunga kipya, wakatifuatifua udongo shinani. Mgeni rasmi akahutubia mpaka tukasinzia, kisha akaupanda mti uliokuwa unamzidi urefu. Akamwaga jagi la maji, tukapiga makofi.

Mama mkwe macho yalikuwa yanamsumbua, lakini sauti haikuwa na tatizo lolote. "Mkwe wangu, huu si ule mti uliousoma sasa hivi?"

Mzee mmoja mwenye suti aliyekaa mbele yetu akageuka. "Ndio wenyewe, mama," akasema taratibu. "Niliupanda mimi."

"Na unapiga makofi?"

"Nimealikwa, mama. Nitafanyaje?"

Magari yalipoondoka, yule mstaafu akakiokota kibao chake kilichokuwa kimetupwa nyuma ya jiko. Akasimama nacho kwapani kama mtu aliyefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Mwongozaji alipomwona, aibu ikamshika. Akaenda kuleta nyundo.

"Usijali, mzee. Tunakupa mwingine. Tena mkubwa kuliko huo."

Akakipigilia kibao kwenye ule mkwaju wa wapagazi. Sasa mtu yeyote anayejua kusoma anajua kwamba mti ule ulipandwa na mstaafu kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Nilidhani mama mkwe atacheka. Hakucheka. Alimkazia mstaafu macho yale mabovu, akamuuliza, "Huu nao uliupanda lini, baba? Ukiwa tumboni?"

Mzee akanipa simu yake, akafunga kifungo cha koti, akasimama karibu na shina. Nikampiga picha. Akaitazama, akaniomba nirudie kwa sababu kibao kilikuwa hakisomeki vizuri. Nikarudia. Mama mkwe alikuwa ameshatoka getini, anamwambia dereva wa bajaji kwamba kama mkwe wake ana shughuli na wakubwa, yeye yuko tayari kuondoka.