Mtani Wangu Sadallah na Bastola Iliyogoma

Sadallah ni mtu wa taratibu mpaka anakera. Akila ubwabwa, wenzake wananawa, wanamshukuru Mungu, wanajinyoosha kupumzika, yeye bado anatafuta miba ya samaki ambayo mkewe Mwanahalima alishaitoa. Akikusalimu utajuta kuitikia, maana atauliza hali ya watoto, ya wajukuu, ya mihogo, kisha arudi tena kwa watoto. Mimi, Rukaiya binti Huseni, sijaumbwa na subira hiyo. Nimemtukana kwa utaratibu wake huo tangu alipohamia kijijini kwetu Mtunda akitokea vilima vya kusini, na haki ninayo: yeye Mmatumbi, mimi Mndengereko, na kwetu hapa sisi ni watani tangu mababu. Mtani hakasiriki. Ukimtusi anakurudishia, mnacheka, kila mtu anashika njia yake.

"Mpanda vilima wee, maji ya kisigino tu unafumba macho," humwambia.

"Na wewe binti wa bondeni," hujibu, akitafuta maneno mpaka nachoka kungoja, "siku ukioga kwa sabuni, magamba yatabanduka."

Mume wangu alipofariki, Sadallah ndiye aliyevaa koti la marehemu katikati ya matanga, akapita mbele ya watu akiburuta mguu kama marehemu alivyouburuta, akilalamika kwamba chai haina sukari. Nilicheka huku nalia. Mgeni asiyejua utani angemwona mwendawazimu, lakini mimi siku ile ndipo nilipopata pumzi. Sikuwahi kumwambia.

Analima ufuta, ana mikorosho kidogo, na kijiji kimempa kazi ya kufukuza wanyama mashambani. Alikabidhiwa bastola ya mlio, ile isiyotoa risasi ya kuua. Inapiga kishindo tu, mnyama ashtuke aondoke. Ina ngoma ndogo yenye matundu ya kutilia hizo risasi za mlio, na kila ukivuta triga ngoma inazunguka. Anaitunza kama mboni ya jicho lake.

Msimu huu mto ulipanda mapema ukazoa mbegu za kwanza. Maji yalipopungua tukapanda upya, na mpunga ulipoanza kuiva binti yangu Sabra akahamia kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachojenga bondeni kwa kulinda ndege. Alikuwa na mtoto wake anayenyonya. Asubuhi moja nilikuwa nampelekea uji, nikasikia anapiga yowe.

Kiboko jike na ndama wake walikuwa ndani ya mpunga, jua limeshatoka na wao hawajarudi mtoni. Jike amesimama chini ya dungu, anajisugua ubavu kwenye nguzo ambazo mafuriko yalikwishazilegeza. Kila akijisugua kibanda kinainama. Sabra ameshika fito kwa mkono mmoja, mtoto kwa mkono wa pili. Kikianguka, wataangukia miguuni pa mnyama mwenye ndama, na hapo hakuna wa kuwaokoa.

Majirani wakaja na madebe, wakapiga kelele. Kiboko akatuangalia tu. Jirani yangu Abdulazizi akampigia Sadallah simu, naye akaletwa na Mudathiri kwa bodaboda. Aliposhuka, badala ya kupiga bastola, akaanza kututazama tulivyosimama.

"Mmemzibia njia ya mtoni," akasema. "Njooni nyuma yangu nyote. Akishtuka akimbilie maji, asiwakimbilie nyie."

Tukahama. Akaelekeza mtutu juu, akapiga. Kiboko akaruka, akamsukuma ndama mbele, akasogea kuelekea mtoni, halafu akasita.

"Piga tena!" nikapaza sauti.

Sadallah akavuta triga. Ikagoma. Ngoma haikuzunguka. Akajaribu tena kidogo, akaacha, na kiboko akarudi chini ya dungu.

Abdulazizi akaokota kigogo. "Igonge hapo ubavuni, itaachia."

Sadallah akatikisa kichwa. Akauelekeza mtutu kwenye matope, mbali na watu, akatulia vilevile, akingoja. Baadaye alinieleza: hakuwa na hakika kama nyundo ya bastola iligusa risasi, na risasi iliyoguswa vibaya inaweza kulipuka kwa kuchelewa, wewe umeinamisha uso juu yake. Wakati ule sikuyajua hayo. Nilichokiona ni mwanangu anayumba na mwanamume amesimama kama mti.

"Mmatumbi mzembe wewe!" nikamwambia. "Mwanangu anakufa na wewe unaota! Bora kijiji kingempa mbuzi hiyo bastola!"

Huo haukuwa utani, na kila aliyekuwepo alijua. Nilimaanisha kila neno, na kama ningekuwa na jiwe mkononi ningemrushia.

Sadallah hakuinua macho. "Mbuzi wenu wa bondeni hawana vidole, mtani," akasema kwa sauti yake ya siku zote. "Hebu nichanie kipande cha kanga."

Nikachana. Akabonyeza kitasa, akaisukuma ngoma itoke pembeni, ikatoka kwa shida. Akazimimina risasi kiganjani mwangu. Nyuma ya ngoma kuna kinyota cha chuma kinachozisukuma risasi nje, akakiinua, akachungulia. Chini yake masizi ya baruti na makapi ya mpunga yalikuwa yameshikana kama ukoko wa sufuria.

"Ufuta," akasema.

Mafuta ya bunduki yalikuwa yamemwishia, akawa anaipaka ya ufuta anayokamua Mwanahalima, ambayo kwake ni dawa ya kila kitu, kuanzia bawaba mpaka nyayo. Kumbe yakikaa yanageuka gundi, na gundi haichagui cha kushika.

"Kosa langu hili," akaniambia. "Utanitukana vizuri baadaye."

Mudathiri akachovya kile kipande cha kanga kwenye petroli ya pikipiki. Sadallah akafuta, akakwangua kwa kijiti cha mwanzi, akafuta tena, akapuliza mpaka pakakauka. Akaizungusha ngoma kwa kidole, ikakwama mahali pamoja. Huko juu mtoto alikuwa analia. Nikafumba macho. Yeye akakiinua kinyota upya, akatoa kapi lililobaki, akazungusha, ikateleza vizuri. Ndipo akaanza kuchukua risasi kiganjani mwangu, moja baada ya nyingine, na zilikuwa zinagongana kwa jinsi nilivyokuwa natetemeka.

Akapiga. Akapiga tena. Safari hii kiboko hakusita. Alimtanguliza ndama, wakapasua matete, tukasikia maji yakiwapokea. Sabra akashuka ngazi na mwanawe, nikawakumbatia wote wawili hapo hapo matopeni. Kabla ya adhuhuri dungu lilijilaza lenyewe juu ya mpunga, likiwa tupu.

Kesho yake nikachukua jogoo, nikaenda kwa Sadallah. Nilimkuta barazani anaifuta bastola kwa mafuta halisi ya bunduki aliyoletewa kutoka Kibiti.

"Nimekuja kukushukuru," nikasema.

"Mtani hashukuriwi, anatukanwa. Haya, anza, nakudai."

Nikafungua mdomo. Nikatafuta tusi lolote, hata la zamani, nikalikosa. Machozi ndiyo yaliyokuja.

"Mwanahalima!" akaita. "Lete maji, mtani wangu anaumwa!"

"Sadallah," nikamwambia, "Mwenyezi Mungu akupe umri mrefu. Wanangu wako hai kwa mikono yako. Na yale niliyokwambia jana kule bondeni, hayakuwa utani."

Akaendelea kufuta, taratibu kama kawaida yake, na mimi kwa mara ya kwanza nikamsubiri bila kuchoka.

"Nilijua," akasema. "Ndiyo maana nikakujibu kwa utani. Ningekujibu kwa kweli, mkono wangu nao ungetetemeka."