Mlango Uliopitisha Kidole

Nilikuwa nimechonga mitumbwi na kutengeneza milango pale Ifakara kwa miaka kumi na minne, lakini kwenye daftari la kazi za serikali niliandikwa kibarua. Nyapara wetu alihakikisha nisisahau. "We kibarua, kamata msumeno!" alikuwa akinifokea mbele ya vijana niliowafundisha mwenyewe kushika randa. Iliniuma sana. Mimi si mtu wa kumeza maneno, ila kwa hilo sikuwa na karatasi ya kumjibia.

Basi ikatangazwa kwamba mkaguzi anakuja kutoka Morogoro kuwatahini mafundi wasiopitia chuo. Kazi yako ikikubalika, unapewa cheti. Nilifurahi mpaka nikasahau sahani mbele yangu.

"Kula, wewe," mke wangu alinicheka. "Furaha haisukumi randa."

Tulipewa siku mbili, kila mtu mlango mmoja na fremu yake. Nilifanya kazi kama niliyepandisha mashetani. Mkaguzi alipofika kwangu aliingiza kidole kati ya mlango na fremu. Kikapita.

"Umepwaya huu. Umekosea vipimo."

Damu ilinichemka. "Sijakosea, bwana. Huku kwetu masika maji yanafika kizingitini. Ukibana mlango sasa hivi kiangazi, mvua zikija utaufungua kwa shoka."

Nyapara akaangua kicheko. "Kibarua anamfundisha bwana mkubwa!"

"Basi tuuloweke tuone," nikasema, na papo hapo nikajuta, maana cheti changu chote kilikuwa kwenye mbao zile.

Mkaguzi alikuwa na wengine wa kuwatahini, akakubali kungoja hadi kesho kutwa. Mlango ukalazwa kwenye shimo la maji la wafyatua matofali, mawe juu yake. Nilikwenda kuuchungulia sijui mara ngapi, kama mtu mwenye mgonjwa hospitalini.

Siku ilipofika tukauinua, tukauning'iniza kwenye fremu. Ukaingia, ukatulia. Mkaguzi alijaribu kidole, kikagoma, akajaribu ukucha, ukapita. Akaufunga na kuufungua mara tatu, laini kabisa.

"Umejifunza wapi?"

"Kwa milango yangu ya kwanza, bwana. Yote ilikwama."

Akacheka, akaandika: fundi seremala. Muhuri ukapigwa. Nilikimbia na karatasi ile hadi nyumbani, mtu mzima mwenye ndevu, na sikuona haya.

Nyapara aliendelea kuniita kibarua kama vile muhuri haukupigwa. Kisha masika yakaja, maji yakapanda hadi vizingitini. Asubuhi moja nikaitwa mbio nyumbani kwake. Mlango wake, uliobanwa vizuri kiangazi, ulikuwa umevimba na yeye yumo ndani.

"We ki..." akaanza, akalimeza neno. Kisha nikasikia, "Fundi! Fundi, nifungulie!"

Vifaa vyote nilikuwa navyo. Nikasimama pale nje, maji yamenifika magotini, nikajifanya sijasikia ili aniite tena.