Rozari Chini ya Taa ya Papa Alarme

Mtaa wote wa Kabondo, ukiuliza Maurice ni nani, watu wangekuangalia tu. Ukisema Papa Alarme, yaani Baba King'ora, hata vijana wa toleka, wale wa kubeba watu kwa baiskeli, wangekufikisha mpaka mlangoni. Alikuwa mtu wa Yanonge, uzao wa wavuvi, lakini mtoni hakufaa kitu: alitapika ndani ya pirogi, na miba ya samaki ilimtisha. Mungu akamhurumia akampa ving'ora. Kabla ya vita, hapakuwa na duka wala nyumba ya tajiri yenye king'ora kisichopita mikononi mwake, na yeye mwenyewe hakuwaacha watu wasahau hilo.

Kufunga king'ora, alisema, mjinga yeyote mwenye bisibisi anafunga. Kazi ni kuchunguza betri, ile inayokaa ndani ya kisanduku ikingojea siku umeme utakapokatika. Kipima cha volti hakukiamini. Betri iliyokwisha inaweza kukuonyesha kumi na mbili bila haya, imejikaza kama mlevi anayeingia misa ya kwanza. Kwa hiyo Maurice aliibebesha mzigo: taa ya mbele ya pikipiki. Na kwa kuwa saa yake ilikuwa imekufa zamani, muda aliupima kwa rozari. Taa ikibaki nyeupe mpaka mafungu yote matano yaishe, betri ni nzima. Ikigeuka njano kabla ya fungu la tatu, itupe. Abbé wa parokia alimuuliza siku moja kama Bikira Maria amekuwa fundi wa umeme.

“Yeye hajakosea hata siku moja, mon père,” Maurice akajibu. “Wale wa umeme wenyewe wanakosea kila siku.”

Jaribio lile liliichosha betri, ndiyo, lakini kabla ya kucha umeme wa bwawa la Tshopo ulikuwa umeijaza tena.

Halafu vita vikaingia mjini, majeshi yakagawana mitaa, kisha yakageukiana. Matajiri wakakimbia, maduka yakafungwa. Maurice akabaki na king'ora kimoja tu cha kutunza, kile cha depo, ghala la Mama Kyakimwa, mfanyabiashara wa Butembo aliyeuza vitenge, sabuni na chumvi kwa jumla. Kile alikitunza kama yai, maana zamu wa depo, mlinzi wake, alikuwa Osée, mdogo wake wa tumbo moja, na ni yeye Maurice aliyemtafutia kazi ile.

Depo ilikuwa na kifungo chekundu. Ukikibonyeza, kinazama na kubaki ndani, na king'ora kinalia mpaka kifunguliwe kwa ufunguo. Ufunguo wenyewe ulikuwa mmoja, shingoni mwa Maurice, kwenye uzi mmoja na medali ya Bikira. King'ora kikilia, mtaa mzima unatoka kupiga sufuria na vifuniko. Wenye bunduki walikwisha kuja, wakaikimbia kelele ile. Watu walimtania Osée: zamu gani huyu, hana hata rungu?

“Bunduki yangu ni batri ya yaya,” alicheka, akimwita yaya kaka yake mkubwa, mdomo umejaa lituma, zile ndizi za kutwanga.

Basi uhai wa Osée ulikaa ndani ya betri ile, na Maurice aliyajua hayo kuliko alivyoijua Baba Yetu.

Kila Jumamosi jioni aliifanyia jaribio ndani ya depo. Mtaani hapakuwa na mafuta ya taa wala mishumaa, na mwanga ule mweupe ulipenya chini ya mlango. Mama Angèle wa jirani akabisha, rozari mkononi. Wiki iliyofuata alileta wenzake. Muda si mrefu depo ikawa kanisa, watu wamekaa juu ya mifuko ya chumvi, na Maurice katikati, amevimba kama askofu.

“Rozari imeisha, wamama,” alisema. “Ninazima.”

“Papa Alarme, wacha tumalize,” Mama Angèle akamsihi. “Wale wa Ubundu hatujawaombea bado.” Watoto wake wawili walikuwa wamepanda treni ya Ubundu, na habari zao hazikurudi.

“Bon. Wa Ubundu tu.”

Baada ya Ubundu ikafuata litania, baada ya litania wimbo.

Kisha mabomu yakaukata umeme kabisa. Maurice alijua: betri inayotolewa bila kujazwa inakwisha. Akaapa hatafanya jaribio. Lakini Jumamosi ilipofika, woga ukamshinda. Na kama imekwisha tayari? Atajuaje? Akajiambia fungu moja tu. Wamama walikuwa wamekwisha kuketi. Fungu likaisha, mkono wake ukaenda kwenye waya.

“Yaya, waache,” Osée akasema polepole. “Nje ni giza na milio ya masasi tu. Hapa angalau watu wanaonana uso.”

Na taa ilikuwa nyeupe! Fundi gani anazima kazi nzuri kama ile mbele ya watu? “Muone wenyewe,” akajigamba, “nyeupe kama maziwa.” Wakaomba, wakaimba, wakalia. Katika ubeti wa mwisho taa ikageuka njano. Wote waliona. Maurice akang'oa waya haraka.

“Ni macho yenu,” akasema. “Kesho umeme utarudi, itakunywa.”

Kesho yake umeme haukurudi. Maurice akavuka mto kwenda Lubunga, kumwomba mtu mmoja mwenye mashine ya kusaga amjazie betri. Hakuibeba, hakutaka kumwacha Osée na kisanduku kitupu. Yule mtu akakubali, ailete tu. Lakini risasi zikaanza juu ya maji, na hakuna mpiga kasia aliyetaka kuvuka. Maurice akakaa ukingoni mchana kutwa, sikio limeelekea ng'ambo, akijua kabisa kwamba toka pale hata king'ora kizima kisingesikika.

Alipovuka, depo ilikuwa wazi, sabuni zimekanyagwa mlangoni. Osée alilala chini ya kifungo. Jirani wa ukuta mmoja alisema alisikia kitu kama kifaranga kikilia mara moja, akadhani ni kifaranga.

“Batri nani aliichunguza?” Mama Kyakimwa akauliza.

“Mimi,” Maurice akasema.

Wakamzika. Siku ya pili ya matanga, mchana, watu wamekaa uani kwa Maurice, umeme ukarudi. Friji ya jirani ikatetemeka kwanza. Kisha, toka upande wa depo, king'ora kikalipuka kwa sauti yake yote. Kifungo kilikuwa bado ndani, kama Osée alivyokiacha. Hakuna aliyekuwa amekigusa.

Watu wakaruka. Wakanyakua sufuria, hata zile za chakula cha matanga, wakapiga kwa nguvu, wakakimbia mpaka njiani. Hapo wakakumbuka, mmoja baada ya mwingine, na vifuniko vikanyamaza.

Mama Angèle akarudi uani. “Papa Alarme, zima. Ufunguo uko kwako.”

Maurice akaushika shingoni, wala hakuinuka.

“Wacha amalize, mama.”

King'ora kikalia mpaka umeme ulipokatika tena.