Mtu Aliyenifundisha Kuficha Upinde

Kama wewe ni mtu wa kucheka kila unachoambiwa, cheka sasa hivi umalize, kisha unisikilize. Haya sikusimuliwa na mtu. Yalinikuta mimi mwenyewe, katika shamba langu la mihogo hapa Nyamahanga, Biharamulo, na ninaye shahidi aliye hai.

Kwetu ni Mugoma, kule Ngara. Baba yangu alikuwa mwindaji wa upinde, na Mungu alimpa mabinti watupu. Basi akanifundisha mimi. Watu walimsema sana, naye akawajibu kwamba mshale hauulizi umerushwa na nani. Alipofariki, upinde wake wa mti wa mkole ukawa wangu. Nilipoolewa nikaja nao huku, nikauning'iniza ukutani kama picha.

Ungebaki hapo hapo. Lakini mwaka ule mume wangu, Baba Editha, alianguka kutoka juu ya paa akiezeka, akavunjika nyonga, akawa mtu wa kulala. Na kana kwamba walikuwa wanasubiri, nguruwe pori wakaanza kuingia kwenye mihogo. Umewahi kuona shamba lililopitiwa na nguruwe pori? Linakuwa kama limelimwa na mtu mwenye hasira. Tulipiga madebe, tukachoma matairi, tukafunga mbwa shambani. Wapi! Kijijini wakatuambia anayeweza kuwaua wanaoingia shambani na awaue. Nani wa kuua? Mume wangu yuko kitandani, na mihogo ndiyo chakula chetu chote. Nikashusha upinde.

Sikuwapata. Walikuwa wakitoka kwenye mafunjo ya bondeni jua likikaribia kuzama, mimi nimejibanza kwenye kichuguu. Nikiinua upinde tu, wanakoroma, wanatimka. Ikawa napiga kutoka mbali, nikiona majani yanatikisika naachia mshale. Mishale yote ikaishia kwenye mashina ya mihogo.

Jioni moja nilikuwa nimekaa kando ya kijito, nimechoka hadi machozi. Nikasikia mtu nyuma yangu akisema, "Upinde wako unapiga kelele."

Nikageuka. Alikuwa mwanaume mwembamba, amevaa koti refu la rangi ya udongo, tope hadi magotini. Niamini, mpaka leo sijui alikuwa na umri gani. Ukimtazama hivi, ni kijana wa kukuita dada. Ukimtazama vile, ni mtu wa kuamkia. Nikaona heri niamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti wa Mugoma."

Alisema kwa Kihangaza cha kwetu, kile cha nyumbani kabisa. Hapa jirani zangu ni Wasubi na Wasukuma, Kihangaza nakisikia kwenye simu tu. Na mimi sikuwa nimemwambia natoka wapi.

"Upinde hauna mdomo," nikamjibu.

"Unao. Baba yako aliupaka samli miaka yote, sasa unang'aa kama sufuria jipya. Jua likiugusa, bonde zima linajua ulipo. Lete."

Nikampa. Usiniulize kwa nini.

Akachota tope jeusi la kijitoni, akalichanganya na majivu aliyoyatoa mfukoni. Hakuupaka upinde wote kama anayepaka ukuta. Aliweka doa hapa, akaruka, akaweka lingine pale, kubwa na dogo, kama kivuli cha majani kinavyoanguka chini. Kisha akachana magamba makavu ya mgomba, akayafunga kwenye mikono yote miwili ya upinde, ncha zake akaziacha zining'inie ovyo.

"Porini hakuna kitu kilichonyooka," akasema. "Mnyama akiona mstari, anajua ni mtu. Majani mabichi usifunge, yatanyauka na yatakupigia makelele."

Penye kushikwa hakupagusa, wala kwenye ncha kamba inapokaa. Kwenye kamba akasokotea manyoya kidogo ya kondoo, ili isilie ikiachiwa. Manyoya meupe ya jogoo kwenye mishale yangu akayasugua majivu mpaka yakafifia. Akaniambia nisioge kwa sabuni siku ya kuwinda, na nikae upande ambao upepo unanijia usoni.

Alipomaliza akauweka upinde kwenye nyasi, mbele ya miguu yangu. "Uchukue."

Nikainama. Upinde sikuuona! Nilitazama, nikapapasa kama kipofu, mpaka vidole vyangu vikaugusa. Ulikuwa pale pale.

"Sasa nitafute mimi," akasema.

Nikainua macho. Hakuwepo. Hakuna mtu aliyekimbia, hakuna jani lililotikisika. Lakini pumzi yake niliisikia, karibu kabisa, kama mtu aliyesimama begani kwangu. Sauti ikasema taratibu, "Nimekupa njia ya kufika karibu. Basi usipige mpaka uone jicho."

Kwenye tope nikaona nyayo za miguu mitupu zikitoka kwenye mafunjo na kuja mpaka niliposimama. Za kurudi hazikuwepo. Nilifikaje nyumbani? Mbio, upinde kifuani. Mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mama Editha, kama angetaka kukudhuru angekudhuru kule kule. Kesho nenda."

Kesho yake nikaenda. Nikakaa kwenye kichuguu, upinde mapajani, upepo usoni. Akapita jirani yangu Zakayo, ambaye wazee wake walitoka Burundi zamani, akirudi kutoka mazoezi ya kwaya. Akasimama mbele yangu, ningeweza kumshika suruali. Hakuniona! Akavua kofia, akaanza kusali kwa sauti. "Bwana, msaidie Baba Editha nyonga yake ipone. Na yule mke wake umpe akili, aache mambo ya upinde. Na mama yangu umlinde huko nyumbani." Akavaa kofia, akaenda zake. Nilijiuma mdomo nisicheke.

Jua lilipofika kwenye vilele vya miti, majani ya mihogo yakaanza kutikisika.

Nikasikia mzizi unavunjika, kisha kutafuna. Nikauona mgongo, wa kahawia, umeinama chini kabisa kati ya matuta. Siku nyingine yoyote ningekuwa nimeachia mshale. Safari hii nikavuta kamba, nikangoja. Mgongo ukaja, ukaja, mpaka ungeweza kuugusa kwa jembe. Ukageuka. Nikaona jicho.

Jicho la mtu.

Alikuwa Bibi Anastazia, mama yake Zakayo, ambaye siku hizi kumbukumbu zinamtoka. Amejifunika blanketi la kahawia, anatambaa kwa mikono na magoti, anatafuna muhogo mbichi kwa njaa. Na pande zake zote mbili, nisikilize vizuri, walikuwepo nguruwe pori. Wakubwa kwa wadogo, wanafukua taratibu pamoja naye, kama mbuzi na mchungaji wao.

Nikalegeza kamba. Wale nguruwe wakainua vichwa, wakanitazama, kisha wakaondoka wamepangana, bila kukimbia, wakaingia kwenye mafunjo.

"Bibi!" nikamshika. "Unafanya nini huku?"

"Ndataha, mwana wanje," akasema kwa Kirundi. Anakwenda nyumbani, mwanawe. Nyumbani alikotoka akiwa msichana. "Nilipotea. Yule mwenye koti akanishika mkono, akaniambia kuna binti huku atanirudisha."

"Yuko wapi, bibi?"

Akanishangaa. "Si huyo nyuma yako?"

Sikugeuka. Nilimbeba Bibi mgongoni mpaka kwa Zakayo, na Zakayo alipomwona alikaa chini pale pale mlangoni, akalia.

Msimu ule nguruwe hawakurudi, tukavuna. Baba Editha sasa anatembea kwa fimbo na anapanda mahindi mwenyewe. Msimu uliofuata walikuja nguruwe wengine, nikapata dume mmoja, kwa karibu vile vile, baada ya kuliona jicho. Nyama tuligawana na majirani. Nyumba ya Waislamu nikawapelekea mihogo. Nimeuliza wazee wa Mugoma yule mtu ni nani. Kila mmoja ana jibu lake, na hakuna anayependa kulisema mara mbili. Upinde wangu nao umebaki na tabia yake. Wageni huingia sebuleni, wakakaa chini yake, wakaniuliza, "Upinde wenyewe uko wapi?"

Wewe unayewinda, au unayelinda shamba kwa mkuki au bunduki, shika hili: jani likitikisika, si ruhusa ya kuua. Sogea. Tazama. Ukirudi mikono mitupu utakula mboga, na utalala.

Bibi Anastazia bado anatoroka. Zakayo amemnunulia mnadani sweta jekundu sana. Kwa hiyo ukipita Nyamahanga jioni ukaona kitu chekundu kinatembea kwenye mihogo, usiogope. Mwamkie, mshike mkono, mrudishe nyumbani.