Mwanamke wa Kitisuru na Nyimbo za Kifaransa

Kila nikisimulia haya, lazima atokee mmoja wa kuniuliza kama siku hiyo nilikuwa nimekula. Nilikuwa nimekula. Nilikula chapati na maharagwe, nikateremshia chai, na kichwa changu kilikuwa sawa kama kilivyo sasa ninapozungumza nawe. Wala haikuwa usiku. Watu hupenda mambo ya namna hii yatokee usiku, wapate kusema ni usingizi. Haya yalinipata mchana, Jumamosi ya mvua nyepesi, hapa hapa Nairobi, miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, wakati simu ya mkononi ilikuwa bado kitu cha kuazimana.

Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu. Nilikaa Muthangari kwa shangazi yangu, na nilikuwa nasoma Kifaransa mjini kwa sababu nilitaka kuwa mkalimani. Kusoma nilisoma. Kuandika niliandika mpaka nikasifiwa. Lakini nikiambiwa niseme, koo lilifunga. Si aibu tu, ni koo lenyewe. Maneno nilikuwa nayo, yamejipanga vizuri kichwani, ila hayatoki. Na mtihani wa kuzungumza ulikuwa unakaribia.

Mwalimu wetu alikuwa Bi Zuhura, mama wa Mombasa, mpole lakini ulimi wake ulikata. Siku moja alituangalia darasa zima akatikisa kichwa.

"Hicho Kifaransa chenu ni cha kitabuni," alisema. "Wenye lugha yao leo wanaimba nini, mwajua? Nendeni mkawatafute. Na sitaki wale wa zamani ambao hata babu yangu aliwachoka. Nataka walio hai, wanaoimba sasa hivi, kila mmoja na mtindo wake. Kisha mje mtuambie mmesikia nini."

Basi ile Jumamosi nikashinda nikizunguka mjini. Nilianza maduka ya kanda na sidii ya River Road, nikapanda Tom Mboya, nikaingia kila kichochoro chenye spika mlangoni. Jibu lilikuwa moja.

"Lingala iko, siste. Gospel iko. Ya Mfaransa nani atanunua?"

Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipoingia katika jengo moja lenye vibanda vya nguo, viatu na simu. Kibanda cha mwisho kilikuwa cha kanda. Mwenyewe hakuwepo. Aliyekuwepo ni mwanamke wa umri wa mama yangu, amevaa gauni la kijani na kitambaa cha hariri shingoni, kimefungwa juu mpaka chini ya kidevu.

"Unatafuta waimbaji wa Kifaransa," alisema. Hakuuliza. Alisema.

"Ndiyo, mama. Wa sasa."

"Wa sasa ninao nyumbani. Na wa baadaye pia."

Nilicheka, nikidhani ni utani. Kiswahili chake kilinishangaza kidogo. Hakikuwa cha Pwani, hakikuwa chetu cha Nairobi, na hakikuwa cha Kongo. Kilikuwa safi mno, kama maji yasiyo na ladha. Akaniambia anakaa Kitisuru, ana gari, na akimaliza kunisikilizisha atanishusha Westlands niende zangu.

Najua unachofikiria. Mbona nilikubali? Hata mimi nimejiuliza miaka yote hii. Nilimtazama miguu, na usinicheke, hata wewe ungetazama. Ilikuwa miguu ya kawaida kabisa ndani ya viatu vya ngozi. Alikuwa na sura ya mtu anayeimba kwaya kanisani. Nikaenda.

Safari siikumbuki vizuri. Nakumbuka waipa za kioo zikienda na kurudi, na nakumbuka kwamba hatukuzungumza, na kwamba kunyamaza kule kulinipendeza. Tulipofika Kitisuru barabara ilikuwa imefunikwa na miti pande zote mbili, na mwanga ulikuwa wa kijani kama uko ndani ya chupa. Lango lilikuwa wazi. Ng'ambo ya barabara, askari wa nyumba ya jirani alisimama chini ya mwavuli akinitazama. Nilimpungia mkono. Hakunipungia.

Sebule ilikuwa kubwa, viti vimefunikwa mashuka meupe. Pembeni kulikuwa na kabati la mbao lenye mashine ya muziki, na spika mbili ndefu kama watoto wa shule. Akanionyesha pa kukaa. Kisha akanipa mgongo, akainama kidogo mbele ya ile mashine, na muziki ukaanza.

Wa kwanza alikuwa mwanamke mwenye gitaa na sauti ndogo, sauti ya mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. Aliimba kuhusu jikoni asubuhi, na kikombe cha mtu aliyeondoka, na jinsi asivyoweza kukiosha. Niamini, nilielewa kila neno. Mimi niliyekuwa nasikiliza kanda za darasani mara kumi ndipo nishike sentensi moja!

Akafuata kijana wa kurap. Huyo aliimba kuhusu maghorofa ya pembezoni mwa jiji la Ufaransa, lifti imeharibika tangu azaliwe, na mama yake mweusi akipanda ngazi na mifuko ya chakula. Maneno aliyageuza nyuma mbele, sawa na vijana wetu wa Eastlands wanavyoyageuza wasipotaka wazazi waelewe. Nilikuwa nimedhani Kifaransa ni lugha ya watu waliovaa suti. Kumbe ilikuwa na matope kwenye viatu kama sisi.

Kisha mwanamke wa ukingo wa jangwa, akivuka kutoka Kifaransa kuingia lugha ya kwao na kurudi, na chombo cha nyuzi kikimfuata kama maji. Kisha msichana aliyeimba bila kuonyesha hisia yoyote, kama anayemtajia mtu nambari ya simu, na ngoma za mashine zikigonga chini yake. Kisha wawili wa visiwani, mwanamume na mwanamke, wimbo wa kucheza polepole, wakiombana msamaha. Wimbo mmoja uliisha ndani ya mwingine. Mvua ilikuwa inanyesha dirishani, na nilijiona kama ninaelea juu ya kile kiti. Sikuhisi njaa, wala haja ya kujua saa.

Wakati fulani niligundua kwamba tunaongea, mimi na yule mama, na kwamba tunaongea Kifaransa. Nilikuwa nacheka kwa Kifaransa! Nilikuwa nabishana naye kuhusu yule wa kurap. Koo lilikuwa wazi kama lango lake.

"Unaona," aliniambia. "Kilikuwepo siku zote. Sasa na wewe niimbie."

"Mimi si mwimbaji, mama."

"Kila mtu ana wimbo mmoja. Ule alioimbiwa yeye peke yake."

Huo nilikuwa nao. Mama yangu, kule Limuru, alinitungia wimbo nilipokuwa mchanga. Aliutunga mwenyewe, kwa Kikuyu, kuhusu kuku wetu mwekundu aliyekataa kuingia kibandani jioni mpaka amwone mtoto amelala. Ni wimbo wa mchezo tu. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeujua. Nikamweleza hivyo, na macho yake yakang'aa, akasogea karibu.

"Huo," alisema. "Huo sina."

Nikafungua mdomo nikaimba. Na hapa ndipo ninapokuomba unisikilize vizuri. Midomo yangu ilikuwa inacheza, pumzi ilikuwa inatoka, lakini sauti haikuwa kinywani mwangu. Ilikuwa inatoka kule pembeni, kwenye zile spika. Sauti yangu mwenyewe, Kikuyu changu, wimbo wa mama yangu. Nilimtazama yule mwanamke nikitaka kuuliza. Kitambaa chake cha hariri kilikuwa kinatetemeka shingoni, kikipanda na kushuka kama ngozi ya koo la chura, na mdomo wake ulikuwa umefungwa. Nikateremsha macho. Waya wa mashine ulikuwa umeviringishwa sakafuni, umefungwa kwa uzi, umejaa vumbi. Haukuwa umechomekwa popote.

Nilikuwa nimefika katikati ya wimbo. Nilifunga mdomo kwa viganja vyangu viwili.

"Malizia," alisema, taratibu sana, na sauti aliyosema nayo ilikuwa ya yule mwanamke wa gitaa. "Malizia, mwanangu." Sasa ilikuwa ya yule kijana.

Nilikimbia. Nilipita ukumbini, nikapita nyasi, nikateleza, nikainuka. Hakunifuata. Nyuma yangu nilisikia sauti zote zikiniita pamoja, na niseme ukweli, zilikuwa nzuri. Hata nikikimbia nilitamani kugeuka.

Yule askari wa jirani alinidaka barabarani.

"We msichana, ulikuwa unatafuta nini huko ndani?"

"Huyo mama," nilisema. "Mwenye nyumba. Alinileta na gari."

"Gari gani? Mimi nimekuona ukikuja na miguu, pekee yako, ukiongea. Hiyo nyumba haina mtu, wenyewe walienda ng'ambo."

"Na muziki?"

Alinitazama kwa huruma. "Muziki itatoka wapi? Stima imepotea huku kote tangu asubuhi."

Alinisindikiza mpaka barabara kuu, akangoja nipate gari. Sikumuuliza jina lake.

Jumatatu nilisimama darasani nikawaeleza wale waimbaji niliowasikia, mmoja mmoja, na maneno yao. Koo halikufunga. Wenzangu walishangilia, lakini Bi Zuhura alikunja uso. Alikuwa anafuatilia muziki huo miaka mingi na hakumjua hata mmoja wao. Wengine walipotoka alinibakisha, nikamwambia yote. Midomo yake ilisoma dua polepole.

"Uliumaliza wimbo?" aliuliza.

"Hapana, Bi Zuhura. Nilifika nusu."

"Alhamdulillahi. Ungeumaliza, ungebaki wewe kule, na hapa angekuja nani sijui."

Mtihani nilifaulu. Kazi nilipata. Na mwishoni mwa mwezi nilikwenda nyumbani Limuru, nikamkuta dada yangu amekuja na mtoto wake mchanga analia. Mama akampokea, akambeba mgongoni, akaanza kumtembeza uani. Midomo yake ilikuwa inacheza. Nilisikia kuku. Nilisikia mvua juu ya mabati. Mama sikumsikia.

"Mama, mbona huimbi?"

"Si huu nauimba?" alisema, na hayo niliyasikia vizuri. "Wimbo wako. Kwani umekuwa kiziwi?"

Akaendelea, na nikaona tu midomo. Nikajaribu kuukumbuka kichwani. Hakuna. Najua unahusu kuku mwekundu kwa sababu nakumbuka nilimweleza hivyo yule mwanamke. Maneno yenyewe na mwendo wake vilikuwa vimetoka, na nilipoomba nifundishwe upya sikusikia chochote cha kujifunza. Daktari wa masikio alinipima akasema yangu ni mazuri kuliko yake. Mchungaji aliniombea. Mama alilia, kisha akaacha.

Wale waimbaji walikuja baadaye. Mwaka huu mmoja, mwaka ule mwingine, nikawasikia redioni au kwenye mikutano ya kazi, wageni wakiniambia huyu ni mpya kabisa, ametoa wimbo wake wa kwanza. Nami nilikuwa nikimaliza ubeti kabla ya mwimbaji. Wenzangu walidhani nina watu Paris wanaonitumia muziki.

Muongo ule ulipokuwa unaisha, nilikuwa nimekaa mbele katika gari la ofisi, Waiyaki Way, na dereva wetu Njoroge alikuwa amefungulia redio. Mtangazaji akasema ni wimbo mpya kutoka Ufaransa. Nilisikia mwanamume akiimba, kisha akaacha, zikabaki ngoma tupu kwa muda. Njoroge akapunguza mwendo.

"Haki ya nani! Kumbe hawa Wafaransa wanajua Kikuyu?"

"Wapi?"

"Si huyo mama anaimba hapo nyuma. Sikiza! Anasema kuku nyekundu imekataa kuingia kwa nyumba." Akacheka, kisha akanigeukia na hakuwa anacheka tena. "Madam, hiyo sauti si ni kama yako?"

Nilisikia ngoma tu.

"Anasema nini sasa?" nilimuuliza. "Njoroge, tafadhali, niambie anasema nini."

"Amenyamaza," alisema. "Amefika katikati akanyamaza."

Nilimwomba asimame. Nikashuka, nikasimama kando ya barabara mpaka wimbo ukaisha.

Sasa nikienda Limuru namwomba Mama aniimbie. Amezeeka, hutania kwamba anaimbia jiwe, lakini huimba. Mimi huweka kiganja mgongoni pake, katikati ya mabega, na nauhisi wimbo pale ukitetemeka. Hicho ndicho nilichobakiwa nacho, na siku moja nacho kitaondoka.

Kifaransa sikukiacha, wala sikukatazi kusikiliza watu wa mbali. Wasikilize wote. Lakini ukikutana na mtu mwenye sauti za kila aina, naye akakuomba ule wimbo uliotungiwa wewe peke yako, usimpe. Mwambie huna. Mwambie nyumbani kwenu hakukuimbwa.