Chai ya Mama Halima

Nilipokuwa mtoto pale mtaa wa mabanda wa Mashimoni, mrehani kwetu ulikuwa jani la matanga. Nyumbani Kakamega ulitandikwa chini ya maiti ili harufu isiwasumbue waombolezaji, na hakuna aliyeuingiza jikoni. Mama Halima, jirani yetu aliyetoka Mombasa, aliutia kwenye chai.

Yeye ndiye aliyekaa nasi mchana, mimi na mdogo wangu Boni, mama akienda kufua nguo za watu mtaa wa matajiri, Kileleshwa. Chai yake tuliizoea. Mama alijua, akanyamaza, maana bila Mama Halima hangeweza kwenda kazini.

Kisha Kukhu, nyanya yetu, akaja kututembelea. Boni alikimbia kumkumbatia, naye akamsukuma.

"Huyu ananuka matanga! Nani amekufa hapa?"

"Ni chai tu," mama alisema.

"Chai ya maiti! Mtoto akiinywa, wafu wanadhani ni mwenzao. Watakuja kumchukua."

Kulipokucha Boni alikuwa anawaka homa. Kliniki walisema ni kifua, wakampa dawa. Kukhu hakubishana nao. Alisema kwa chai ile homa ilijua pa kuingilia. Akatukataza kukanyaga kwa Mama Halima. Mama akabaki nyumbani, na mwajiri wake akapiga simu: asipofika kesho, atatafuta mwingine. Kukhu mwenyewe alikuwa na ng'ombe wa kurudia kijijini, hangekaa kutulea.

"Sasa nikikaa na hawa watoto, tutakula nini?" mama alimuuliza.

Jioni Mama Halima alibisha hodi. Alikuwa amesikia yote. Ukuta wetu ulikuwa mabati. Mkononi alikuwa na sufuria mpya.

"Kukhu, sikujua. Hii ni ya watoto wako peke yao. Mrehani hautaingia hapa."

"Na ukisahau?"

"Mimi nguruwe siweki mdomoni. Ploti yote wanakaanga, na hawa watoto hawajawahi kuniletea hata kipande. Nitasahau aje?"

Kukhu aliinusa sufuria ndani, akaigeuza, akainusa chini.

"Hata nyama ya Krismasi huli?"

"Hata ya Krismasi."

"Pole. Unakosa."

Wakacheka. Kesho yake mama alienda Kileleshwa.

Siku hizi ninaishi Gatina, Kawangware. Kazi yangu imenikalisha kwenye mikutano ambako wataalamu wa lishe wanaeleza kwamba watu wa mitaa yetu hawali majani ya viungo kwa sababu hawayajui. Huwa ninaandika wanachosema. Lakini Kukhu aliujua mrehani. Aliutandika kwa mikono yake chini ya mume wake, na baadaye chini ya watoto wake wawili.

Boni, mtu mzima sasa, anautia kwenye samaki. Mimi nimejaribu, nikashindwa. Siamini kwamba wafu watanijia. Ila nikisikia harufu yake tu, namwona Kukhu akimsukuma mjukuu wake, na sasa naelewa kwamba alikuwa anaogopa kuzika tena.