Boti ya Rimoti na Shikamoo ya Mwezi Mzima

Mimi si mzee. Nalisema hili mapema kwa sababu wapo watu mtaani kwetu Lizaboni ambao hadi leo wananipisha kwenye benchi, na mimi sijaomba kupishwa na mtu.

Wakati huo nilikuwa na arobaini na kidogo, nina fremu yangu ya kutengeneza feni na redio, na sina mke. Ng'ambo ya barabara alihamia dada mmoja kutoka Namtumbo akafungua kibanda cha chakula. Nilimpenda siku ile ile ya kwanza, nilipomsikia akimfokea muuza mkaa aliyemletea gunia limejaa vumbi. Nikasema moyoni, huyu ndiye. Lakini nikifika mbele yake ulimi ulikuwa unakuwa mzito, naagiza wali maharage, nakula, naondoka kama bubu.

Jirani yangu wa fremu alikuwa fundi pikipiki, Myao wa Nalasi. Mimi Mngoni. Basi ni watani, hatukuwahi kuambiana neno la maana. Alikuwa amenizidi miaka michache na ndevu zake zimeshaingia mvi, kwa hiyo kila asubuhi alinidai. "Niamkie, mtoto wewe!" Namjibu, "Nikuamkie wewe? Kwa lipi ulilonalo?"

Siku moja muuza mitumba alifungua belo la vitu vya watoto akakuta boti mbili nyekundu za mashindano, zile za umeme zinazoendeshwa kwa rimoti. Zote zimekufa. Akatuachia, moja kwangu, moja kwa mtani. Chai haijapoa tukawa tumeshabishana ya nani itakimbia zaidi, na tukawekeana palepale: atakayeshindwa atamwamkia mwenzake shikamoo mwezi mzima, hadharani, kwa heshima zote. Muuza mitumba akawa shahidi.

Ile boti ilinitoa jasho. Mota yake ilikuwa imeungua, nikaing'oa, nikafunga mota ya drili mbovu. Ikawa na nguvu mno, ikapasua pangaboi lake la plastiki, lile linalosukuma maji. Nikakata jingine kwenye mfuniko wa sufuria, nikalipiga msasa na kulipinda hadi likakaa sawa. Betri nilizitoa kwenye laptopu mbovu. Mota ikawa inapata moto, nikaizungushia bomba jembamba la shaba la friji, ili maji yaingie nyuma, yaipoze, yatokee ubavuni. Hapo nilijipigia makofi mwenyewe. Nikaijaribu kwenye beseni, ikaruka nje ikavunja chungu cha maua cha mama mwenye nyumba. Ilikuwa inainua pua, kwa hiyo nikayeyusha risasi nikaibandika mbele, ikatulia. Kwenye shafti nikajaza grisi maji yasipenye.

Tukashindana kwenye bwawa la perege la mstaafu mmoja kule bondeni, kuzunguka mianzi miwili tuliyoichomeka majini. Aisee, boti yangu ilikwenda! Ya mtani iliingia maji ikaanza kuzama kitako kabla hata ya kukata kona ya pili. Nilicheza pale ukingoni mpaka kandambili ikakatika. Mtani akavua kofia, akapiga goti moja kwenye matope. "Shikamoo."

"Marahaba!" Nilivuta hiyo marahaba mpaka ikafika ng'ambo ya bonde.

Sasa sikilizeni jinsi mtu anavyojichimbia shimo.

Asubuhi iliyofuata niko kwa yule dada, mtani akaingia. Watu wamejaa. Akavua kofia, akanishika mkono kwa mikono yote miwili, akainama na zile mvi zake. "Shikamoo, mzee wangu. Miguu imelalaje?"

Ahadi ni ile, nikajibu marahaba. Dada akaacha kukoroga uji. Alimtazama mtani, akazitazama ndevu, kisha akanitazama mimi kwa mshangao. Nilidhani ni sifa. Nikakaa wima.

Kesho yake nilipoingia, yeye mwenyewe akainama kidogo. "Shikamoo, baba. Leo nikupunguzie chumvi?"

Wee! Nikaanza kumweleza habari ya boti, mtani akanikata kauli kwa upole kabisa. "Msamehe, dada. Wazee hawapendi kukumbushwa umri. Wallahi, huyu aliniona nikiwa mdogo."

Mambo yakaharibika. Vijana wa bodaboda wakaanza kuniamkia. Msichana wa shule akanishika mkono nivuke barabara, barabara ambayo mimi naivuka nikikimbia! Na dada yangu wa Namtumbo, kila siku shikamoo baba, kila siku mboga haina chumvi. Siku moja akaniuliza wajukuu wangu wako wangapi. Niliumia, sitawadanganya. Nilirudi kwenye fremu nikakaa bila kugusa feni hata moja.

Nikamwendea mtani. "Yaishe, ndugu yangu."

"Nilikula kiapo," akasema. "Unataka nipate dhambi?"

"Basi tushindane tena. Atakayeshindwa ndiye aamkie kuanzia hapo."

Alikubali haraka mno, na mimi kwa upumbavu wangu sikujiuliza kwa nini. Nilikuwa nataka kushindwa tu. Nilikuwa tayari kumwamkia hata pikipiki yake. Usiku huo nililegeza skrubu ya pangaboi kwa mkono wangu, mimi niliyelisugua pangaboi lile kama mboni ya jicho.

Siku ya siku dada naye akawepo, alifuata perege wa kukaanga. Tukawasha. Boti yangu ikaenda kidogo, pangaboi likachomoka, ikasimama. Nikaanza kushangilia moyoni. Mara boti ya mtani nayo ikakohoa, ikasimama ubavuni mwa yangu. Nikamgeukia. Anacheka. Kumbe naye alikuwa amelegeza waya mmoja wa betri ili ashindwe yeye, maana alikuwa hajachoka kuniona nikizeeka.

Mstaafu akaja juu. "Ondoeni takataka zenu, mnanitishia samaki!"

Nani ataingia? Mtani akasema, "Mimi nina mvi." Kwa hasira nikavua shati, nikakunja suruali, nikajirusha. Chini kulikuwa na utelezi. Nikaanguka chali, nikaibuka na majani kichwani, nikaanguka tena, nikazikamata boti zote mbili huku namtukana Myao na ukoo wake wote mpaka Nalasi. Dada alicheka mpaka akakaa chini.

"Huyu ndiye mzee?" akauliza.

"Mdogo wangu huyo," mtani akasema, anajifuta machozi. "Tulishindana kwa boti, akanishinda. Mke hana, mjukuu atamtoa wapi?"

Nikatoka majini, matope mpaka masikioni. Dada akasimama, akanitazama kuanzia juu mpaka chini, safari hii hakuinama. Akatabasamu. "Mambo?"

Neno nililolisubiri wiki zote zile! Nikafungua mdomo nimjibu poa.

"Marahaba," nikasema.

Leo ni mke wangu, na chumvi anatia ya kutosha. Ila nikimuudhi hanifokei kama alivyomfokea yule muuza mkaa. Ananiwekea sahani mezani, anainama kidogo, na kuniambia, "Shikamoo."